Saa Yako Uwanjani: Mwongozo wa Kutumia Kituo cha Michezo cha Jiji

Ukifika kwenye kituo cha michezo cha jiji Jumamosi asubuhi ukakuta kila kiwanja kimejaa na bwawani hakuna pa kutia mguu, usiseme pale hapana nafasi yako. Rudi Jumanne saa nane mchana. Ukumbi uleule utaukuta mtupu, taa zimezimwa, mlinzi amekaa mlangoni hana wa kumfungulia.

Nimeongoza kikundi cha mazoezi cha mtaani kwa miaka kadhaa, wake kwa waume, vijana na wazee, na hatujawahi kuwa na kiwanja chetu. Tunategemea cha jiji. Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni kwamba mali ya umma ya namna hii hugawanywa kwa saa. Anayejua kuomba saa yake, kuitumia yote na kumwachia mwenzake kiwanja kikiwa salama hucheza mwaka mzima. Asiyejua hubaki kuchungulia kwenye uzio, akiamini kituo ni cha watu wenye kujuana. Mwongozo huu ni wa huyo aliye kwenye uzio.

Hatua ya 1: Kizunguke kituo kwa miguu kabla ya kucheza

Siku ya kwanza nenda na daftari tu. Nenda kwenye saa ileile unayotaka kuja kucheza baadaye, kwa sababu kituo cha saa nne asubuhi na cha saa moja jioni ni vituo viwili tofauti. Kama unataka kucheza jioni, simama katikati ya kiwanja uhesabu taa zinazowaka kweli, usihesabu nguzo. Kama unataka kucheza alasiri, angalia jua linapiga wapi. Viwanja vingi vya nje hulazwa kaskazini–kusini ili jua la kuchwa lisimchome kipa au mpokea mpira machoni. Ukikuta kimelazwa mashariki–magharibi, saa kumi na moja jioni upande mmoja utateseka.

Soma ubao wa langoni wote, hata maandishi madogo. Kisha zunguka nyuma ya jukwaa, kwani huko ndiko kuna mambo mazuri yasiyotajwa kwenye ubao: kiwanja kidogo cha mazoezi, shimo la mchanga la kurukia, ukuta wa kupigia mpira wa tenisi, chumba cha mikutano kilichogeuzwa stoo. Sehemu hizi hazigombaniwi. Kikundi chetu kilianza kwenye kipande cha lami nyuma ya jukwaa, kilichochorwa mistari ya netiboli iliyofifia, na tulikaa hapo msimu mzima bila mtu kutuondoa.

Fungua bomba uone kama maji yanatoka. Ingia vyumba vya kubadilishia nguo. Uliza choo cha karibu na kiwanja chako hufungwa saa ngapi, maana pengine hufungwa mapema kuliko kiwanja chenyewe.

Hatua ya 2: Jua saa zilivyogawanywa

Karibu kila kituo cha jiji kina mafungu manne ya saa, hata kama hayajaandikwa hivyo. Kuna saa za umma, ambapo yeyote huingia bure au kwa tiketi. Kuna saa za shule, kwa kawaida asubuhi na mchana siku za masomo. Kuna saa za vilabu, zilizokwishawekwa kwa msimu mzima, na hizi ndizo humeza jioni zote nzuri. Halafu kuna siku za mashindano na hafla, ambazo zikija hufuta kila kitu kingine.

Mwombe msimamizi ratiba ya wiki nzima, usiridhike na ya siku moja. Muulize maswali matatu ambayo watu husahau: ni lini bwawa hufungwa kwa matengenezo, ni lini nyasi hupumzishwa, na hafla ikiingia ghafla waliokwisha kulipa hurudishiwa nini, fedha au saa nyingine. Jibu la swali la tatu liandike mbele yake.

Piga pia hesabu ya saa unazohitaji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku. Kwa hiyo kikundi cha watu wazima kinachotaka kutimiza hicho chote kiwanjani kinahitaji vipindi vitatu vya dakika 50. Kikipewa kimoja tu, watu wajue mengine ni ya kutembea na kukimbia nje. Nimeona vikundi vikiomba saa kumi kwa wiki kwa tamaa, vikashindwa kuzijaza, na msimu uliofuata vikanyimwa hata zile mbili vilizozihitaji.

Hatua ya 3: Andika ombi linaloweza kukubaliwa

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Msimamizi wa kituo hupokea maombi mengi yanayosema kitu kimoja: “Tunaomba uwanja kwa ajili ya mazoezi.” Hawezi kuyajibu, kwa sababu hayana saa, hayana idadi ya watu, na hayana mtu wa kuulizwa kitu kikivunjika. Ombi zuri humpunguzia kazi. Liwe na mambo haya: sehemu unayoitaka kwa jina lake, siku na saa ya kuanza na kumaliza, tarehe ya kwanza na ya mwisho, idadi ya watu na umri wao, watu wawili watakaowajibika, na chaguo la pili kama la kwanza halipatikani.

Kwa mfano:

“Tunaomba thuluthi moja ya ukumbi wa ndani kila Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa tisa na nusu mchana, kwa wiki 12. Tuko watu 16, wote watu wazima, tunacheza mpira wa wavu. Nguzo na wavu tutavifunga na kuvifungua wenyewe. Wawajibikaji ni wawili waliotia saini hapa chini, na mmoja wao atakuwepo kila kipindi. Kama saa hizo zimejaa, tuko tayari kwa Jumatatu au Jumatano saa hizohizo.”

Angalia neno “thuluthi”. Watu wengi huomba ukumbi mzima na kukosa ukumbi mzima, ilhali kumbi nyingi kubwa zina mapazia ya kugawia yanayoshushwa kutoka darini. Nchini Ujerumani, kwa mfano, kuna kipimo cha ukumbi kilichozoeleka cha mita 45 kwa 27, na mapazia mawili huugawa kuwa sehemu tatu za mita 27 kwa 15. Kiwanja cha mpira wa wavu ni mita 18 kwa 9. Ukikiongezea mita 3 za wazi kila upande, unapata mita 24 kwa 15. Kinaingia ndani ya thuluthi moja. Mpira wa kikapu wa kanuni za kimataifa unataka mita 28 kwa 15, hautoshi humo kwa mchezo kamili, ila mazoezi ya goli moja yanatosha kabisa. Mpira wa mikono unataka mita 40 kwa 20, kwa hiyo huo lazima upewe ukumbi wote, na hao wanaoucheza wasionekane wachoyo.

Pima mchezo wako, upime ukumbi, halafu omba kile kinachokutosha. Msimamizi akiona umejua kwamba pazia lipo, atakuona ni mtu wa kufanya naye kazi.

Omba pia saa ambazo hazina mwenyewe. Wanaofanya kazi za zamu, wastaafu na wazazi wenye watoto shuleni wanaweza kucheza mchana, na kituo hufurahi kuona mchana unatumika. Ukishaonekana mwaka mzima unakuja kwa wakati na unaondoka kwa wakati, jioni ikipatikana utakumbukwa.

Jibu lipokee kwa maandishi. Malipo yafanye mahali pa malipo, uchukue risiti yenye tarehe na saa ya matumizi, uiweke. Mara moja tulilipa kwa kuaminiana tu, bila karatasi. Jioni ya kwanza tukakuta timu nyingine uwanjani nayo imelipa vilevile. Waliokuwa na risiti walicheza, sisi tulirudi nyumbani na mipira yetu. Tangu siku hiyo risiti zangu huzibandika kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa kila mwezi.

Hatua ya 4: Fika mapema ukikague kiwanja

Dakika 15 zinatosha. Anza na magoli. Goli la mpira wa miguu la watu wazima lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na lile linalohamishika ni zito kiasi kwamba likimwangukia mtoto linaua. Vifo vya namna hiyo vimetokea katika nchi nyingi. Shika mlingoti kwa mikono miwili ulisukume mbele na nyuma. Likinyanyuka nyuma hata kidogo, usiruhusu mtu acheze mpaka lifungwe chini au liwekewe uzito kwenye fremu ya nyuma. Na mtoto asining'inie kwenye mwamba, hata kama goli limefungwa vizuri.

Kisha tembea kiwanjani kwa mwendo wa polepole, watu wawili wakipishana, macho chini. Tafuta mashimo, vichwa vya mabomba ya kumwagilia vilivyobaki juu, vipande vya chupa. Kama nyasi ni za asili na zimeloa hadi maji yanatoka ukikanyaga, ahirisha mchezo. Najua inauma mkiwa mmeshavaa, ila mchezo mmoja kwenye tope huharibu nyasi ambazo zitachukua wiki kurudi, na wiki hizo mtakosa ninyi na wenzenu.

Nyasi bandia hazina shida hiyo, zina nyingine. Jua kali likizipiga mchana, uso wake unaweza kupita nyuzi joto 60. Ziguse kwa nyuma ya kiganja, uhesabu hadi tano. Usipoweza kuvumilia, hamisha watoto kwanza, na usimwache mtu alale chini kujinyoosha. Chembe nyeusi za mpira zinazotapakaa ndani ya viatu ndizo zinazoshikilia nyuzi zisimame. Zikung'uteni palepale kiwanjani kabla ya kutoka, zikizidi kupungua kiwanja huwa kigumu kama sakafu.

Ndani ya ukumbi, jambo la kwanza ni viatu. Soli iliyotembea barabarani huingiza mchanga, na mchanga hukwangua vanishi ya mbao mpaka sakafu inateleza. Beba viatu vya ndani mkononi, uvivae kwenye benchi. Mistari ya rangi nyingi isikuchanganye: kila mchezo una rangi yake, na kwa kawaida kuna ufunguo wa rangi ukutani. Kimo cha wavu wa mpira wa wavu ni mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake, tumia utepe wa kupimia mara ya kwanza, halafu weka alama ndogo kwenye fimbo yenu, hamtapima tena.

Ngurumo zikisikika, kila mtu atoke nje ya kiwanja cha wazi aingie ndani ya jengo. Chini ya mti au kwenye jukwaa la mabati lisilo na kuta si salama. Mnarudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya huanzisha hesabu upya.

Hatua ya 5: Kwenye njia za kukimbilia, chagua njia yako

Uwanja wa riadha wa kawaida una njia 8, kila moja upana wa mita 1.22, na watu hukimbia kinyume cha mishale ya saa. Njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ni mita 400 kwa mzunguko. Ya pili ni kama mita 407, na ya nane inafika mita 453. Anayetembea mizunguko 10 kwenye njia ya nane ametembea zaidi ya kilomita 4 na nusu. Wazee wa kikundi chetu walipoambiwa hivyo waliacha kuminyana njia ya ndani, maana huko nje wanapata umbali zaidi na hawasukumwi.

Njia za ndani ni za wanaokimbia kwa kasi. Ukisikia mtu nyuma yako anaita “njia!”, sogea kulia, usigeuke kwanza kumtazama. Usisimame kwenye njia kufunga kamba za viatu. Mkitembea watatu, tembeeni mbili za nje, mmoja arudi nyuma.

Viatu vya misumari viulizie. Kanuni za mashindano huruhusu msumari uliochomoza hadi milimita 9 kwenye sakafu ya sintetiki, isipokuwa kuruka juu na kurusha mkuki ambako ni 12, na vituo vingi hutaka mifupi kuliko hiyo ili sakafu idumu. Baiskeli, magari ya watoto na viatu vya magurudumu viachwe nje ya njia.

Hatua ya 6: Bwawa

Bwawa ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuiendesha katika kituo chote, na ndiyo inayotaka nidhamu zaidi kutoka kwetu tunaoitumia.

Kabla ya kuingia, simama ukingoni upande wa kina kirefu uangalie chini. Lazima uone tundu la kutolea maji pale chini, na kifuniko chake kikiwa kizima, kimekazwa. Usipoliona, maji hayafai, hata yawe ya buluu ya kupendeza, kwa sababu mwokozi wa bwawani naye hataweza kumwona mtu aliyezama. Kifuniko kikiwa kimevunjika au hakipo, usiingie na uwaambie wahusika papo hapo, maana mvuto wa maji pale unaweza kumnasa mtoto kwa nywele au kwa mkono.

Halafu uliza vipimo vya siku. Kituo kinachoendeshwa vizuri hupima maji mara kadhaa kwa siku na kubandika matokeo. Unatafuta pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kati ya 7.2 na 7.8, na klorini huru, ile dawa ya maji ambayo bado haijatumika, isiyopungua miligramu 1 kwa lita. Watu wengi hudhani harufu kali ya klorini ni dalili ya usafi. Ni kinyume chake. Harufu ile, na macho kuwasha, hutokana na klorini ikishakutana na jasho, mkojo na mafuta ya mwilini na kugeuka kuwa kemikali nyingine. Bwawa safi karibu halinuki.

Ndiyo maana kuoga kabla ya kuingia si adabu tu. Dakika moja chini ya bomba huondoa sehemu kubwa ya vitu ambavyo vingeimaliza klorini, na klorini inayobaki hufanya kazi yake halisi ya kuua vijidudu. Na mwenye kuhara akae nyumbani. Kuna kijidudu kiitwacho Cryptosporidium ambacho huweza kuishi zaidi ya siku 7 hata kwenye maji yenye klorini ya kutosha, na mtu mmoja anaweza kuwaambukiza wengi. Aliyeugua kwa kijidudu hicho asubiri wiki 2 baada ya kuhara kukoma.

Bwawa refu ni mita 50, fupi ni 25. Liulize kabla ya kuhesabu mizunguko yako. Kamba zikishafungwa, kila njia ina kasi yake, na mnazunguka kama barabara: mnakwenda upande mmoja wa mstari wa chini na kurudi upande mwingine. Ukitaka kupumzika, jibane kwenye kona ya ukuta ili wengine wapate pa kugusia. Ukiguswa mguu mara mbili na aliye nyuma, mwache apite mkifika ukutani.

Wanaoogopa kwamba bwawa kubwa si la watu kama wao, nawaambia hivi: ukumbi wa bwawa wa München, Ujerumani, ambamo mwogeleaji Mmarekani Mark Spitz alichukua medali 7 za dhahabu katika Olimpiki ya mwaka 1972, baadaye ulitumika kama bwawa la umma, la kuingia kwa tiketi. Maji hayamchagui mtu. Anza kwenye kina cha kifuani, kando ya ukuta, kwenye saa za wanaojifunza.

Kuhusu watoto, nitasema bila kuzunguka. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kichwa huenda nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inasukuma chini, na ndani ya muda mfupi amekwisha zama. Mtoto asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wako, nawe simu iko ndani ya mkoba. Kuwepo kwa mwokozi hakukuondolei kazi hiyo. Maboya ya mikononi ya kupuliza yasikupe moyo.

Mambo mawili ni ya watu wazima. Usijirushe kwa kichwa mahali ambapo kina hakijaandikwa au ni kifupi, kwani shingo hiyo haitengenezeki. Na usishindane kukaa chini ya maji baada ya kupumua harakaharaka mara nyingi. Kupumua huko hupunguza hewa chafu mwilini, ile inayoukumbusha ubongo kudai pumzi, na mtu huzimia chini bila kuhisi dalili yoyote, hata awe mwogeleaji hodari.

Hatua ya 7: Chumba cha vyuma

Jimu haina mengi. Beba taulo, futa benchi baada ya kulitumia, rudisha vyuma mahali pake, usikalie mashine ukichezea simu. Ukibeba chuma kizito kifuani, awepo mtu wa kukusimamia, na kama huna, baki kwenye uzito unaoumudu peke yako. Siku ya kwanza mwombe mkufunzi akuonyeshe mashine moja moja. Hiyo ni kazi yake na mara nyingi imo kwenye kiingilio chako.

Hatua ya 8: Hakikisha kila mwenzako anaweza kuingia

Kabla ya kumwalika mtu anayetumia kiti cha magurudumu, pita njia yote atakayopita: langoni, kwenye tiketi, chooni, mpaka kiwanjani. Mteremko mzuri hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu au pungufu ya hapo. Ukiwa mkali zaidi atahitaji kusukumwa, na wengi hawataki kusukumwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 30, unazitaka nchi zihakikishe watu hawa wanafika kwenye viwanja vya michezo kama wengine. Kituo cha jiji ndicho mahali pa kwanza pa kudai hilo. Bwawani uliza kiti cha kushushia, na uliza kama kinafanya kazi leo.

Kwa wanawake na wasichana, mambo matatu huamua kama watarudi wiki ijayo: chumba cha kubadilishia chenye mlango unaofungika, taa kwenye njia ya kutoka hadi barabarani, na saa isiyowatoa usiku sana. Waulize wenyewe, usiwakisie. Katika kikundi chetu tulirudisha kipindi nyuma nusu saa tu, na idadi ya wasichana ikawa mara mbili ndani ya mwezi.

Hatua ya 9: Jua cha kufanya mtu akianguka

Kila kipindi kiwe na mtu mmoja anayejua mambo manne: sanduku la huduma ya kwanza liko wapi, kifaa cha kushtua moyo kiko wapi, gari la wagonjwa huingilia lango lipi, na ufunguo wa lango hilo uko kwa nani. Lango hilo mara nyingi ndilo hufungwa kwa kufuli kubwa, na ndilo pekee gari linapoweza kupita. Kaulize leo.

Mtu akianguka ghafla, haitikii na hapumui kawaida, mmoja apige simu ya dharura, mwingine akimbilie kifaa, wa tatu aanze kukandamiza kifua papo hapo: katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kikiachiwa kirudi juu kila mara. Kila dakika inayopita bila moyo kushtuliwa hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10 hivi. Kifaa chenyewe huongea na kukuelekeza hatua kwa hatua, na hakitoi mshtuko kama moyo hauuhitaji. Usiogope kukifungua.

Hatua ya 10: Ripoti hitilafu namna inavyorekebishwa

Kulalamika kwa mlinzi hakutengenezi taa. Andika sehemu, kitu chenyewe, tarehe uliyokiona, na hatari yake. “Taa mbovu” haitoshi. Andika “Nguzo ya kaskazini-mashariki, taa 2 kati ya 6 hazijawaka tangu tarehe 3, kona ile ina giza na mpira hauonekani.” Piga picha moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha mahali. Peleka kwa msimamizi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri au jibu la barua pepe.

Subiri wiki 2, kisha ukumbushe kwa maandishi ukitaja tarehe ya barua ya kwanza. Ya tatu ipeleke kwa diwani wako na idara ya michezo ya jiji, ukiambatanisha zote mbili. Bajeti za miji hupangwa miezi mingi kabla ya kutumika, kwa hiyo uliza ni lini maoni ya wananchi hupokelewa. Barua iliyofika kabla ya kikao hicho ina uzito kuliko kumi zilizofika baada yake. Vikundi vitatu vya michezo tofauti vikitia saini barua moja, haitasomwa kama ugomvi wa timu fulani.

Kama kitu ni cha hatari kweli, mfano goli lisilofungwa au waya wazi, usisubiri barua. Sogeza watu, zungushia kamba, mpigie msimamizi simu ukiwa umesimama palepale.

Hatua ya 11: Kabidhi saa

Malizeni dakika 10 kabla. Wavu ushuke, nguzo zirudi stoo, mipira ihesabiwe kwa sauti. Okoteni chupa zenu na za wengine. Mmoja apite vyumba vya kubadilishia kuangalia mabomba na vitu vilivyosahaulika. Wanaofuata wakiwa wamefika, kiongozi wao mwonyeshe kwa mkono kitu chochote ulichokiona hakiko sawa: ubao uliolegea pale, unyevu kona ile.

Kisha tia saini kwenye daftari la mlangoni, saa ya kutoka, idadi ya watu waliokuja kweli. Namba hiyo ndiyo msimamizi atakayoifungua msimu ujao ombi lako likiwa mezani kwake. Kwa hiyo, wiki 4 kabla ya kipindi chenu kwisha, peleka jipya.